Kimya Kimoja Nilichokipa Majina Mawili

Solomona, ondoa hicho kicheko usoni. Sijafungua hata mdomo umeshamnong'oneza mkeo kwamba bibi kizee amechanganyikiwa. Pumzi ndiyo imepungua, akili iko palepale, na nitakayosema ni kweli kwa sababu yananiaibisha mimi. Mtu hatungi uongo wa kujivua nguo.

Sikilizeni wanangu. Mmekusanyika kumchagua wa kupewa jina la ukoo, awe mkuu wetu, maana Eteuati ameandika kutoka Oklendi kwamba halitaki tena, na mnangoja neno langu kwa kuwa mimi ndiye dada mkubwa, na kwetu Samoa neno la dada halirukwi. Basi jueni neno hilo lilivyotumika miaka kumi na moja iliyopita, humuhumu ndani.

Wa kuchaguliwa walikuwa wawili, wote wana wa ndugu zangu. Eteuati alishuka kwenye ndege na viatu vinavyong'aa, akaketi mbele yangu. Faalogo hakuketi. Alikuwa nje kwenye moshi, anafukua mawe ya moto, anatoa nguruwe na magimbi ya kutulisha sisi tuliokuwa tukimjadili. Nikala, mafuta yakanichuruzika mpaka kwenye kiwiko, nikapangusa mdomo nikasema, "Huyu wa jikoni ametufanyia nini sisi?" Mkacheka. Ndiyo, na wewe Solomona.

Akaitwa, akaulizwa ataufanyia nini ukoo. Akainamisha kichwa, kimya. Nikasema, "Mnaona? Bwege, maneno hana." Eteuati akaulizwa lilelile, naye akanyamaza. Nikasema, "Tazameni hekima! Huyu hupima kabla ya kusema." Kimya kilekile, wanangu. Eteuati alipokosa mazishi ya mama yake mzazi nilisema ana kazi nyingi. Faalogo alipochelewa sala ya jioni kwa kuwa alikuwa anamwogesha kaka yangu mgonjwa, nilisema hana dini. Akipenda, chongo huita kengeza. Nami nilipochukia, kengeza nililiita upofu.

Na chuki yenyewe ya nini? Mama yake Faalogo, yule wa kutoka kisiwa cha Savaii, alinicheka kanisani sauti yangu ilipokatika katikati ya wimbo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mtoto akazaliwa na mdomo wa mama yake, basi kila alipoufungua nilikiona kile kicheko. Siku ile niliuliza maswali, nilitikisa kichwa kama hakimu, na kumbe nilikuwa nimeshaamua kabla ndege haijatua.

Jina nikampa Eteuati. Faalogo hakubisha. Alituoshea vyombo, kesho yake akapanda meli kwenda kwa watu wa mama yake. Shamba la mlimani alilokuwa akililima limerudi kuwa msitu. Eteuati tumemwona mara mbili.

Ngojeni... nivute pumzi.

Leo asubuhi nimeikamata tena roho yangu. Inataka nimtaje Solomona. Kwa nini? Kwa sababu kila Jumapili ananiambia, "Shangazi, leo umeimba vizuri." Ninaimba kama bata, Solomona, na wewe unajua. Mizani yangu imepinda, msipimie tena.

Nyumba hii ni ya Lagi, aliyeniuguza. Shamba msiligawe. Jina msimpe mtu mpaka Faalogo aketi hapa, mbele, na mtu mwingine apike. Mkimwona mmoja ana kosa, jiulizeni kwanza mngeliitaje lingekuwa la yule mnayempenda.

Na mkeka mwembamba, ule mama yangu aliousuka miaka mitatu, msiutafute. Ninao hapa kwapani. Meli inaondoka saa nane. Nitaketi mbele ya nyumba ya Faalogo nimejifunika mkeka huu kichwani, kama anavyoketi kwetu aliyemwaga damu akiomba msamaha, mpaka atoke anifunue. Asipotaka kunifunua, ni haki yake.

"Shangazi, jua kali, na hicho kifua..." Kifua ni changu, Lagi. Ndiyo, desturi ni ukoo mzima kwenda. Lakini nyinyi mlicheka tu. Aliyeamua ni mimi.

Mungu awape macho mawili yanayoona sawa... awape na aibu mapema, msiingoje uzeeni kama mimi. Awa... basi. Ameshasikia.

Usinishike mkono. Ngazi naziona. Kaeni, kaeni wote, asinifuate mtu. Mlango naufunga mwenyewe.