R Yenye Tumbo, L Yenye Kiatu

Tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Euphrasie Mukabalisa, Mkuu wa Kitengo cha Malipo ya Nje, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika tawi la benki yetu hapa Sonatubes, Kigali. Tarehe hii na tahajia ya jina lake vimehakikiwa mara mbili. Asingekubali pungufu ya hapo.

Mama Kaze, kama wengi wetu tunavyomwita, alikulia Ngara, Tanzania, akasomea uhasibu Mwanza, kisha akarudi nyumbani Rwanda na kuajiriwa kaunta mwaka 1996. Kitengo alichokiongoza tangu 2008 kilianza na meza moja na simu iliyokatika mvua iliponyesha. Leo kina watu saba, na matawi mengine hutupigia kuuliza.

Kazi aliyoipenda zaidi ni kueleza namba. Wateja wenye ndugu Marekani huja wakiulizia ile namba ya benki yenye tarakimu tisa, maana ndugu zao wameombwa waijaze. Mmoja alikata tarakimu tisa za mwanzo za akaunti yake akazituma. Mama Kaze hakumcheka, angalau si mbele yake. Alimweleza kwamba namba hiyo ni ya benki za Marekani. Benki ya hapa hutambulika ng'ambo kwa msimbo wa SWIFT, wenye herufi na tarakimu nane au kumi na moja. Msimbo huipeleka hela kwenye nyumba, alisema, na namba ya akaunti huiingiza chumbani. Ukikosea nyumba, utabisha kwa watu wasiokujua.

Hata hivyo, siku inayosimuliwa zaidi ni Ijumaa moja ya Agosti, mwaka juzi. Habimana, fundi cherehani wa Nyamirambo, alikuja kulipia majora ya kitambaa cha sare za shule yaliyokuwa Dar es Salaam. Muuzaji alikubali kumwekea hadi jioni ile tu. Hela ikichelewa, kitambaa kingechukuliwa na mwingine, na mafundi wote wa chama chake wangekosa kazi ya msimu. Msimbo wa benki ya muuzaji alikuwa ameupokea kwa simu. Mwenzetu Jean-Luc aliuingiza, mfumo ukaupokea.

Mama Kaze alifika kuidhinisha, akasita. Alijua akaunti za benki ile huwa na tarakimu chache kuliko zilizoandikwa pale.

“Lakini mfumo umekubali, Mama,” alisema Jean-Luc.

“Umekubali kwamba benki hiyo ipo, mwanangu. Haukusema ndiyo ya muuzaji.”

Habimana akapiga simu Dar, sauti ikiwa wazi kwa wote. “Kaka, ile herufi iko R ya Rebero ao R ya Rubumbashi?”

“Mbona zote mbili unaniambia R?” alijibu muuzaji.

Kaunta nzima ilicheka, Habimana naye akicheka huku akijifuta jasho. Sisi wa Kigali tunajijua: herufi hizi mbili, R na L, mdomoni mwetu ni ndugu pacha. Mama Kaze akaisogelea simu.

“Ndugu yangu, herufi hiyo ina tumbo au ina kiatu?”

“Kiatu, mama. Tumbo haina.”

Ilikuwa L. Kwa R, hela ingekwenda benki nyingine kabisa, na kuirudisha kungechukua wiki. Malipo yaliondoka kabla ya muda kwisha, kitambaa kikaja, na Septemba watoto waliingia darasani na sare mpya. Tangu siku ile hakuna msimbo unaotoka kitengoni bila swali la tumbo na kiatu. Jean-Luc ndiye anayeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote, na ndiye anayerithi kiti cha Mama Kaze.

Mama Kaze, asante kwa kutufundisha kuuliza tena bila kuona haya. Nyumbani kwako Rebero upate asubuhi ndefu, wajukuu wenye maswali mengi, na pensheni inayoingia chumba sahihi kila mwezi.

Ngao utakayokabidhiwa leo tuliiagiza kwa simu. Mchongaji tulimsomea jina lako polepole, na tulipofika herufi ya saba ya Mukabalisa, ofisi nzima ilimwambia kwa pamoja: kiatu. Limeandikwa sawasawa.