Elkanah na Ukurasa wa Karamu

Elkanah Andati amelitumikia gazeti la *Mkulima wa Magharibi* miaka ishirini na tisa, tangu Januari 1970, na anastaafu tarehe 30 Juni 1999. Ofisi ya Kakamega imeniomba mimi, mama yake mzazi, niandike kwa kijarida hiki cha sherehe. Wamefanya vizuri. Wao wangesahau mambo.

Alianza kwa kupanga herufi za risasi za kuchapia, moja moja, anarudi nyumbani mikono myeusi kama fundi wa baiskeli. Baadaye akapewa wembe, gundi na rula, akawa msanifu wa kurasa. Kanisani kwetu Navakholo hakuna ambaye sijamwonyesha kurasa zake.

Lakini kilichompa jina ni ukurasa uliodhaminiwa na Sabuni ya Mawingu. Siku hizo tangazo lilitazamwa mara moja, halafu gazeti likafunga nyama. Elkanah alitaka msomaji naye afanye kitu. Akachora fumbo la maneno, na chini yake kuponi ya kukata na kutuma pamoja na karatasi ya sabuni. Kila fumbo alilijaribu kwangu Jumapili, tukishamaliza mchuzi wa ingokho, kuku wetu wa kienyeji. Yeye anasoma swali, mimi najibu. Niliishia darasa la nne, kwa hivyo nikiweza mimi, kila mtu anaweza.

Mwaka wa 1994 wenye sabuni walichoka. Meneja wao, Bwana Lazarus, akasema majibu yasipofika mia tatu, ukurasa unafungwa. Swali moja la toleo hilo liliuliza: mwanafunzi hawezi kuandika bila nini? Nilikuwa nimelijibu sawasawa, na sikio la Elkanah likakubali. Barua zikafika mia tatu na kumi. Zaidi ya mia mbili zilisema KARAMU.

Ofisi ilicheka mpaka chai ikamwagika. Mhariri, Bwana Osundwa, akaamuru zitupwe, maana jibu ni KALAMU. Zikitupwa, ukurasa umekwisha. Elkanah akakataa. Akamwambia hawa watu wamenunua sabuni, wamekata kuponi, na wameandika vile tunavyosemanga. Ubishi huo aliutoa kwangu. Akaomba toleo moja tu, na juu ya ukurasa akaandika kwa herufi kubwa: "Kalamu au karamu? Tuandikie siku r na l zilipokuaibisha."

Barua zikaja kwa magunia. Zilpah wa Shianda aliandika: "Nilimwomba mchumba wangu kalamu kubwa ya harusi. Akaleta kalamu kubwa kweli, ya bluu. Harusi ilingoja mwaka mzima." Osundwa aliisoma kwa sauti mbele ya wote, akateleza kwenye r yeye mwenyewe. Bwana Lazarus akaongeza ukurasa wa pili.

Tangu hapo haujakosa toleo hata moja. Sasa anamwachia Moraa, msanifu mpya, na amemwagiza asitupe barua ya mtu kwa sababu ya herufi.

Asanteni wenzake kwa kumtunza. Elkanah, sisi sote tunakuombea siku nyingi za afya na furaha. Kakamega imekaa na wewe vya kutosha, mwanangu. Sasa ni zamu yangu.