Mpiga Fidla Hana Nafasi ya Kuua

Mbele yangu basini, kijana mwenye bahasha nene alikuwa akimsimulia mama aliyeketi naye riwaya yake ya upelelezi. Leo ndiyo mwisho wa kuifikisha kwa mchapishaji. Katika riwaya hiyo ni usiku wa opera, ule mchezo unaoimbwa mwanzo hadi mwisho, na mwimbaji mkuu anauawa chumbani kwake wenzake wakiwa jukwaani. "Muuaji ni mpiga fidla," akamaliza kwa fahari.

"Hapana, mwanangu," mama akasema. "Fidla hazipumziki. Akiinuka tu, ukumbi mzima umemwona. Mimi napiga ngoma kwenye okestra ya opera, mwaka wa ishirini sasa. Kuna mahali katika muziki nakaa nusu saa sigusi kitu. Natoka, nakunywa chai, narudi."

"Kwa hiyo muuaji ni wewe, mama?"

"Nafasi ninayo. Sababu nitafutie wewe."

Nikageukia dirishani, maana kicheko kilishanifika kooni.

"Lakini mpiga fidla ndiye aliyekuwa mchumba wa mwimbaji. Kurasa mia mbili, mama."

"Basi uchumba huo mpe mpiga ngoma."

Basi likasimama mlangoni kwa mchapishaji. Kijana akainuka, akaitazama bahasha, akaketi tena, akaniomba kalamu. Nikampa. Mimi nilikuwa nashukia hapo. Kalamu ikaendelea na safari.