Swali Lililoachwa na Mpima Maji

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, kifungua mimba wa mshona viatu na mkunga.

Alisoma hapa nyumbani hadi mwaka 1995, alipopata nafasi ya kusomea kemia katika chuo cha ng'ambo. Huko halmashauri ya mji ilifungua milango kila mwezi, na yeyote, hata mwanafunzi mgeni, aliruhusiwa kunyoosha mkono na kuuliza. Aliulizia taa ya mtaani kwake iliyozimika. Wiki iliyofuata ikawaka. Mama husema taa hiyo ndiyo iliyomharibu.

Alirudi mwaka 1999 akiwa mtu wa vikao. Hata zamu ya kuosha vyombo ilipigiwa kura. Mama aliposhindwa akasema, "Haya, na chakula mtapikiwa na kura." Tulishinda njaa siku hiyo.

Tarehe 12 Agosti 2002 aliolewa na fundi saa, wakajaliwa mabinti wawili.

Aya ya wasifu huu inayohusu kazi yake, ofisi ya maji ilituletea ikiwa imeshachapwa, ikidai aliomba mwenyewe kuhamia stoo. Tumeichana. Alipima maji katika maabara yao kwa miaka kumi na tisa. Mei 2019 alikuta maji ya kisima cha soko ni machafu, akaandika hivyo. Karatasi iliyobandikwa sokoni ikasema ni safi, na watu wakaendelea kuyanywa. Kikaoni akanyoosha mkono.

"Samahani mkurugenzi, nani amebadilisha majibu yangu?"

Mkurugenzi akacheka. "Dada, hapa si huko ulikosoma."

Ijumaa hiyo akapelekwa stoo kupanga mabomba. Aliuliza tena katika vikao kumi na kimoja, huku wenzake wakikodolea macho viatu vyao. Leo ninyi wa ofisi ya maji mmekuja na shada la maua. Tumewaona.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023. Alifariki tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi, katika hospitali kuu, mkono wake ukiwa mkononi mwa mdogo wake. "Msilie tu," alisema. "Ulizeni."

Ameacha mama, mume, mabinti wawili, na mdogo wake anayesoma maneno haya bila kumsamehe mtu. Majibu aliyoyaandika kwa mkono wake anayo mwandishi wa gazeti aliyeketi nyuma ya mkurugenzi. Ratiba inasema zinafuata salamu za ofisi. Kabla ya pole, tunataka jibu.

Dada, pumzika kwa amani. Mkurugenzi, simama.