Keki ya Kumshinda Shetani

Ndani ya basi, fundi cherehani alijifanya anasinzia ili ayasikie vizuri ya watu wawili waliokaa mbele yake, seremala na mama muuguzi, ambao walikuwa hawajuani hadi kituo kilichopita.

Seremala, mwenye shingo ya mikunjo mitatu, alikuwa akihubiri. "Mwezi mzima sasa, mama, utamu haunitawali. Ni maombi na moyo wa chuma." Akafungua sanduku lake la vifaa. Kati ya randa na patasi kulikuwa na kipande cha keki ndani ya karatasi. "Kila asubuhi nanunua kimoja. Kinashinda humu kikiniita, nami sikiitikii. Imani isiyojaribiwa si imani."

"Makubwa!" muuguzi alisema. "Si upite tu njia nyingine, usilione hilo duka?"

"Huo ni woga, mama."

"Haya, shujaa. Miaka ishirini nawafunga vidonda wagonjwa wa sukari, na mashujaa kama wewe wamejaa wodini. Hebu niambie, kipande cha jana kiko wapi?"

Fundi akasahau kusinzia.

Seremala alifunga sanduku taratibu. "Sasa jioni nikitupe? Kutupa chakula ni dhambi."

"Kumbe shetani humshindi! Unamcheleweshea chakula chake tu."

Basi likasimama. Seremala akashuka amenuna, sanduku amelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Taratibu, baba," muuguzi alimwita dirishani. "Usije ukaiponda imani yako."