Ukurasa wa Mzee Disketi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao pale Themi, limeegemea ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, na mbele yake jiko la mkaa la Saadi muuza kahawa. Asubuhi hiyo ya Julai ukungu ulikuwa umeshuka, baridi inakata masikio, na Ephraimu, ambaye kijiweni wanamwita Disketi, alifika amechoka kama mtu aliyetoka kulima, ingawa alitoka tu kitandani kwake Engutoto. Kwa miaka ishirini alifundisha watu kuchapa katika chuo kidogo cha mjini. Chuo kilipofungwa, alizibeba nyumbani kompyuta sita za chogo, zile zenye mgongo mkubwa nyuma ya kioo. Halafu akatumia miezi minane kuzitengenezea ukurasa mtandaoni, akiuandika mwenyewe, alama kwa alama, macho yanamtoka machozi. Aliomba kahawa, akanywa nusu kikombe, ndipo akasema.

— Naufuta ule ukurasa. Na Jumamosi anakuja mtu wa chuma chakavu kuchukua mashine.

— We mzee! Kisa?

Huyo ni Lemburis, Spika, aliyepewa jina hilo kwa sababu huongea bila kuruhusiwa.

— Tangu Februari wameingia watu kumi na wanne. Kumi na mmoja ni mimi.

— Watatu si haba, akasema Mikidadi, ambaye havui koti la suti hata jua liwake vipi, ndiyo maana ni Waziri. Mafiga nayo ni matatu na ubwabwa unaiva.

— Tatizo ni mlima, akasema Spika. Mtandao unatoka Nairobi, unaupiga Meru, unarudi kwao. Sisi huku tunaambulia upepo.

— Kwa hiyo ile minara ni ya kuanikia nguo?

— Waziri, mficha uchi hazai! akajibu Spika, kama vile amemaliza kesi.

Saadi alikuwa anamimina, akatikisa kichwa.

— Mnazunguka bure. Kitu cha zamani kina wenyewe. Bibi yangu Tanga alikuwa na redio ya mbao. Ukiizima, inakohoa.

— Ilikuwa mbovu, akasema Spika.

— Mbovu haikohoi kila Alhamisi. Disketi, umewahi kuzifukizia ubani hizo mashine?

— Nazipangusa vumbi tu.

— Unaona sasa! Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Unadhani zile nyaya zote ni za nini?

Waziri alisogea, akapunguza sauti.

— Hamjui kitu. Hao watatu ni wazungu. Ndani ya lile chogo kuna madini, wanasubiri mzee achoke. Huyo mtu wa chuma chakavu katumwa. Akishazibeba zote sita, jiji zima giza. Hata taa za barabarani haziwaki tena.

Siku nyingine Ephraimu angecheka mpaka kahawa impalie. Aliwapenda hawa, ndio waliobeba jeneza la mkewe. Leo maneno yao yalimpita tu. Alikuwa anawaza wanafunzi wake, alivyowakumbuka mmoja mmoja na kumwandikia kila mtu mistari miwili mitatu kwenye ule ukurasa. Yote hayo aliandika asome nani?

Bodaboda ikasimama. Akashuka mwanamke wa miaka thelathini na kitu, buti zina tope.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Kahawa?

— Asante, baba. Namtafuta mzee Ephraimu wa kompyuta.

— Umetumwa na nani? Waziri akawahi.

— Sijatumwa. Naitwa Marta, natoka Olmotonyi. Nimesoma ukurasa wake.

Ephraimu akaweka kikombe chini, akasema ndiye yeye.

— Umeandika habari za mwanafunzi aliyekuwa anafunika vitufe kwa kanga ili achape bila kuchungulia.

— Naserian, akasema Ephraimu, wala hakuhitaji kufikiri. Aliwashinda wote. Alikuwa anachapa huku anaimba za kwaya.

— Ni mama yangu. Tumemzika Aprili.

— Pole. Pole sana, mwanangu.

— Mimi nilimjua mama wa ng'ombe na mahindi. Ya kuchapa hakuwahi kunigusia. Juzi nikaandika jina lake kwenye simu, nione kama lipo popote. Lipo kwako tu.

Mkaa ulikuwa unazimika, Saadi hakuupepea.

— Ile mashine yake bado ipo? Marta akauliza.

— Ipo. Ya pili kutoka dirishani. Na inawaka.

Ephraimu alisimama, magoti yanalia. Akasema yule mtu wa Jumamosi atampigia asije, akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anazungumzia mvua. Marta akawageukia wale watatu, uso umechangamka kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

— Na ninyi rafiki zake mmefaidi. Kipande gani kiliwagusa zaidi?

Spika akainama kufunga kamba ya kiatu. Waziri akavuta koti lake. Saadi akafunua birika, akachungulia ndani, akalifunika.

Ephraimu alisubiri kidogo, maana hata yeye hakuwahi kuwauliza. Kisha akamshika Marta mkono.

— Twende, mwanangu. Nyumbani si mbali.