Marehemu Mzee Dionis Masolwa na Shamba Lake la Kwihara, 1890–1958

Marehemu Mzee Dionis Masolwa alizaliwa Kwihara mwaka 1890, mtoto wa pili wa mpagazi aliyebeba pembe za ndovu hadi pwani mara nne. Tarehe hakuijua, mama yake alimwambia tu kuwa ilikuwa wiki ya mvua za kwanza.

Alisoma kwa Mapadre mjini Tabora miaka mitatu, akabatizwa Pasaka ya 1906. Kusoma alijua vizuri. Kuandika, aliandika jina lake na la mkewe tu, akisema mengine hayamhusu.

Vita vilipofika alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Kuanzia 1925 hadi 1928 alitandika reli ya Mwanza. Kazi ilipokwisha, wenzake walimwita apande treni pale Bukene. Akawajibu, “Chuma nimetandika mimi, halafu nikate tiketi?” Akarudi Kwihara kwa miguu, siku nne, wenzake wakimpungia mikono madirishani. Mwaka huo huo akafungua shamba lake.

Alifunga ndoa na Veneranda tarehe 15 Januari 1921. Walijaliwa watoto wanne, mmoja akafariki mchanga. Mama Veneranda alifariki tarehe 3 Agosti 1946, akazikwa uani, mbele ya mlango wa tembe yao. Kila Jumamosi Mzee alilifagia kaburi lile kwa mkono wake.

Juni 1951 tarishi alileta habari kwamba serikali inalitwaa shamba lile, ekari kumi na moja, lijengwe karantini ya ng’ombe kwa manufaa ya umma, na kwamba karani atakuja kukadiria fidia. Mzee Dionis alilelewa kuamini kwamba mgeni haingizwi penye vurugu. Akaita majirani. Kwa siku mbili waling’oa mihogo yote, wakavuna karanga, wakachoma mabua, wakabomoa na kihenge cha zamani cha nafaka ili shamba lionekane lote. Mihogo ile ndiyo aliyompikia karani, pamoja na jogoo.

Karani, Bwana Abasi, alikula akashiba, kisha akafungua daftari.

“Mzee, mbona hapa hapana kitu?”

“Nimekusafishia, bwana. Uone udongo wenyewe.”

“Udongo ni wa serikali. Sisi tunalipa kilichosimama juu yake. Naona tembe moja na milimao miwili.”

“Mihogo si hiyo uliyokula?”

“Niliyokula haijasimama, mzee wangu.”

“Na huyu aliyelala hapa uani?”

Karani alitazama kaburi, akatazama daftari, akacheka kidogo. “Huyo hana safu.”

Fidia ilikuwa shilingi arobaini na sita. Jasho la miaka ishirini na mitatu lilikwisha kwa mlo mmoja. Mzee hakumlaumu karani. Alijilaumu mwenyewe hadi kufa, na hilo ndilo lisilosameheka. Mtu aliyeipokea serikali kwa heshima alifundishwa kujiona mjinga.

Karantini haikujengwa. Shamba lilizungushwa seng’enge, likasimamishwa bango, na majani yakaota hadi kifuani. Machi 1954 Mzee alipenya chini ya waya na ufagio wake. Alikamatwa amepiga magoti, akatozwa shilingi ishirini kwa kuingia bila idhini. Ofisini alipoulizwa alifuata nini humo, alijibu, “Nilikwenda nyumbani.” Wakacheka. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi alisimama nje ya waya, kofia mkononi.

Novemba 1957 alianza kuvimba miguu, na kifua kikambana. Alilazwa hospitali wiki tatu, akaomba arudishwe Kwihara. Kwa mwanawe Eustace alikuwa na ombi moja tu: azikwe kando ya Veneranda. Alifariki Ijumaa, 14 Machi 1958, saa tatu asubuhi. Adhuhuri Eustace alikuwa ofisini kuomba kibali cha kumzika huko. Alijibiwa kwamba eneo lile ni la umma.

Umma ndio huu uliosimama hapa, nje ya seng’enge, hatua mia mbili kutoka kwa mkewe.

Marehemu ameacha watoto watatu, Eustace, Apolinaria na Pelagia; wajukuu kumi na wanne, na dada yake, Bibi Ngollo. Asubuhi hii wote wametia saini barua ya kuomba kumhamisha, na Bibi Ngollo ameweka dole gumba. Jeneza limefungwa kwa misumari minne tu, kwa agizo la Eustace.

Mzee Dionis apumzike hapa kwa amani, mpaka tuje kumchukua.